Mimea ya Kienyeji kwenye Udongo Mweusi: Kisa cha Kiwanja Kimoja cha Nyamasaria, Kisumu

Kiwanja kinachochambuliwa hapa kiko Nyamasaria, mashariki mwa mji wa Kisumu, mahali ambapo ardhi huanza kulala kuelekea tambarare za Kano. Ni kiwanja cha futi 50 kwa 100, ukubwa uliozoeleka mtaani humo, chenye nyumba ya mabati katikati, jiko la nje upande wa nyuma ulioinuka kidogo, na lango linalofunguka barabarani upande wa chini. Mwenye kiwanja ni mama aliyestaafu ualimu, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, na ndivyo nitakavyomwita. Alipohamia hapo baada ya kustaafu alikuwa na haja mbili: kivuli na maua mbele ya nyumba, na mboga za kienyeji hatua chache kutoka jikoni ili asilazimike kuzifuata soko la Kibuye kila wiki.

Kwa hali ya hewa ya Kisumu, haja hizo hazikuwa kubwa. Jua lipo mwaka mzima, joto la mchana hukaribia nyuzi 30, mvua ya mwaka ni milimita 1,300 hivi, na ziwa huipa hewa unyevu. Anayetazama takwimu hizo peke yake angedhani kwamba chochote kitakachotiwa ardhini kitamea. Hata hivyo bustani ya Mwalimu ilikuwa imekufa mara mbili kabla sijaitwa kuitazama, na mara ya pili ilikufa ingawa kila kilichopandwa kilikuwa cha asili ya Kenya. Kifo hicho cha pili ndicho kilichonisukuma kuandika kisa hiki, kwa sababu wako wengi wenye nia njema kama yake ambao wamehimizwa kupanda miti ya asili, lakini hawakuambiwa ni asili ya wapi.

Bustani mbili zilizokufa

Ya kwanza haihitaji maneno mengi. Mwalimu alipanda kile ambacho wauza miche wa kando ya barabara huwa nacho: waridi mbele ya baraza, na uzio wa duranta. Mvua za masika zilipokolea, majani ya waridi yaligeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Alishauriwa aongeze mbolea ya CAN, akaongeza, na waridi likazidi kudhoofika hadi likafa. Duranta ilibaki, kwa kuwa ni mmea mgumu, lakini haikumpa kivuli wala chakula.

Bustani ya pili ilizaliwa na kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, iliyozinduliwa Desemba 2022. Mwalimu aliguswa na wito huo, akaamua kwamba safari hii hatapanda kitu cha kigeni. Aliagiza miche kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiileta kwa lori kutoka nyanda za juu, upande wa Nakuru: podo kadhaa, mitarakwa ya kupanga kando ya njia, na vipande vya nyasi za kikuyu vya kufunika uwanja. Vyote vitatu ni vya Kenya bila shaka yoyote. Nyasi zilishika kwa muda, zikapata ukungu wakati wa mvua, kisha zikakauka mabaka mabaka Januari na Februari. Mitarakwa ilianza kukauka kutoka kileleni. Podo zilisimama pale pale bila kutoa jani jipya, kisha nazo zikaenda.

“Mwanangu,” Mwalimu aliniambia tuliposimama mbele ya mtarakwa uliokuwa umebaki kijiti cha rangi ya kutu, “miti ni yetu, samadi nimetia, maji nimemwagilia. Sasa ubaya uko kwenye hii ardhi, au uko kwangu?”

Nilimjibu kwamba hauko kwake, na kwamba ardhi haina ubaya wowote, ila ilikuwa imepewa wageni. Majirani walikuwa wameshamwambia kwamba mimea ya kienyeji ni ya msituni na haifugiki nyumbani. Kauli hiyo nilitaka kuipinga kwa vitendo, maana ikiachwa ienee humaliza hamu ya watu ya kupanda hata kile ambacho kingestawi bila taabu.

Maji kwanza

Uchunguzi wangu ulianza na maji kabla ya mimea. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Tulichimba shimo la kina cha sentimita 30 mbele ya baraza, tukalijaza maji jioni, na asubuhi maji yalikuwa bado yamo, yamepungua kidogo tu. Udongo wa hapo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaojulikana kote Kano: ukilowa hushikamana na jembe na kandambili, na unaweza kuuviringisha mkononi uwe kamba nyembamba isiyokatika, ukikauka hupasuka nyufa ambazo kiganja cha mtoto huingia. Chembe zake huvimba zinapopata maji, na zikishavimba huziba matundu yote ambayo hewa ingepitia. Mzizi hupumua, kwa hiyo mzizi uliozibiwa hewa kwa wiki nzima hufa hata kama juu yake kuna jua, samadi na matunzo. Kisha kiangazi kikija, nyufa zile zile huikata mizizi michache iliyosalia.

Niling'oa mtarakwa mmoja ili Mwalimu aone mwenyewe. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na nilipoivuta kati ya vidole viwili, ganda la nje lilichomoka lote, likaacha uzi mweupe mwembamba katikati. Udongo ulioizunguka ulikuwa wa kijivu chenye kuelekea samawati, nao ulinuka yai viza. Dalili hizo tatu zikikutana hakuna haja ya kupeleka sampuli popote: mti ulizama. Manjano ya waridi nayo yalikuwa na chanzo hicho hicho, kwani mzizi usio na hewa hushindwa kunyonya madini ya chuma hata yakiwamo udongoni, na CAN haiwezi kumsaidia anayekosa pumzi.

Lililobaki lilikuwa kujua maji hayo yanatoka wapi, kwa sababu mvua ya Kisumu ni nyingi lakini si nyingi kiasi hicho. Tulipima paa, likawa karibu mita 100 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua moja nzito ya jioni yenye milimita 30, ambayo si jambo geni Kisumu, huangusha lita 3,000 kutoka kwenye paa hilo, na kwa mwaka mzima paa hupokea lita 130,000 hivi. Nyumba haikuwa na gata hata moja upande wa mbele. Maji yote ya nusu ya paa yalikuwa yakimwagika juu ya mstari ule ule ambako Mwalimu alikuwa amepanda kwanza waridi, kisha mitarakwa. Zaidi ya hayo, jirani wa upande wa juu alikuwa ameinua kiwanja chake kwa kifusi na marumi, kwa hiyo maji yake nayo yalikuwa yamepata mteremko wa kuingia kwa Mwalimu. Miezi michache baadaye, wakati wa kiangazi, Mwalimu alikuwa akilipia maji ya bomba kumwagilia mimea hiyo hiyo iliyozamishwa na maji ya bure. Sehemu hii ilimuuma kuliko zote, na kwa kweli iliniuma hata mimi.

Kisha ndipo tukaja kwenye suala la asili. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko karibu mita 1,850. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni zaidi ya nyuzi 4, na huonekana zaidi usiku, ambapo Nakuru mtu hujifunika blanketi zito ilhali Kisumu hutafuta upepo dirishani. Mtarakwa na podo ni miti ya misitu ya baridi, inayopenda udongo wenye kupitisha maji. Nyasi za kikuyu ni za nyanda zenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi. Sisemi kwamba podo haiwezi kabisa kuishi mahali pa joto. Ninachosema ni kwamba mti ulioumbika kwa usiku wa baridi, ukitiwa kwenye joto na kwenye matope kwa wakati mmoja, umepewa mizigo miwili ilhali hata mmoja ungetosha kuuchosha. Uasili wa mmea hupimwa kwa mwinuko, udongo, mvua na joto la usiku. Jina la nchi halimo katika vipimo hivyo.

Kuuliza ardhi yenyewe

Nilimwomba Mwalimu tutoke nje ya lango, tutembee hadi mtoni na kurudi kwa njia ya vichochoro, tukitazama tu kile kilichojiotea bila kupandwa na mtu. Kando ya mto, mizizi ikiwa ndani ya maji, kulikuwa na asao, kile kijiti chepesi chenye maua ya manjano na maganda membamba marefu. Kwenye maboma ya zamani yaliyoinuka kulikuwa na miti ya siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, pamoja na ober yenye kivuli kipana. Kwenye vichaka vya pembeni tuliona ochuoga na miiba yake, na nyanyodhi iliyosimama na maua ya rangi ya chungwa yaliyopangika ngazi kwa ngazi. Mwalimu aliyajua majina yote ya Kijaluo kabla sijatamka hata moja. “Asao? Hii tulikuwa tunaifyeka,” alisema, “na kuni zake zinaungua haraka.” Maarifa yote yaliyohitajika kwa bustani yake alikuwa nayo tangu utotoni. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba maarifa hayo yana kazi hata mjini.

Kutokana na matembezi hayo tuliamua kugawa kiwanja kwa kufuata maji, wala si kwa kufuata mapambo. Sehemu ya juu nyuma ya nyumba, ambako maji hayatuami, ingepata miti. Sehemu ya jikoni ingepata matuta ya mboga. Kona ya chini kando ya lango, ambako maji yangefika hata tukifanya nini, ingepewa mimea inayopenda hali hiyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa gata na tangi la lita 5,000, na maji ya ziada kutoka tangini yakaelekezwa kwenye mfereji mpana usio na kina, uliofunikwa nyasi, unaoshuka hadi kona ya chini. Pale tulichimba beseni la kina cha sentimita 30. Hapa nataka kuwa makini sana, kwa sababu Kisumu ni eneo la malaria, na katika joto lake yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Bustani inayohifadhi maji yaliyotuama ni hatari kwa wenye nyumba na kwa majirani, hata ikiwa imepandwa mimea ya asili tupu. Kwa kuwa udongo mweusi haunywi maji haraka, beseni halikuachwa bila njia ya kutokea: bomba la inchi 3 lililazwa chini kabisa, likawa linapeleka maji polepole kwenye mtaro wa barabara, na kipimo tulichojiwekea ni kwamba siku ya tatu baada ya mvua beseni liwe tupu. Yeyote asiyeweza kutimiza sharti hilo kwenye udongo wa aina hii asichimbe beseni. Aishie kwenye mfereji.

Matuta na mboga

Mwalimu alikuwa tayari ameelezwa na fundi kwamba anunue lori la mchanga auchanganye na udongo wake. Nilimsihi asifanye hivyo. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi haufungui chochote, na ili ulegeze udongo huo ungehitaji kuzidi nusu ya ujazo wote, jambo ambalo ni gharama bila faida. Kinachofungua udongo mweusi ni mabaki ya mimea na samadi, yanayorudishwa kila msimu. Kisumu ina bahati hapo, kwa sababu mpunga wa Ahero huacha maganda mengi vinuni, na maganda hayo huoza polepole sana, hivyo huweka nafasi za hewa kwa muda mrefu. Tulichanganya samadi ya ng'ombe iliyoiva, maganda ya mpunga na udongo wa hapo hapo, tukainua matuta manne yenye upana wa mita moja, urefu wa mita nne na kimo cha sentimita 30, na kati yake mifereji ya kupitia miguu na maji. Upana wa mita moja si wa urembo; ni kwamba mtu akichutama kando afikie katikati bila kukanyaga. Nilimwekea sharti moja ambalo alilishika vizuri: udongo huo usiguswe ukiwa umelowa wala ukiwa umekuwa jiwe. Siku za kuuchimba ni zile chache za katikati, ambapo bonge hupasuka likibanwa kwa mkono.

Juu ya matuta yalitandazwa majani ya maua makech, ule mmea wa maua ya manjano unaojaza kingo za barabara magharibi mwa Kenya. Si wa hapa. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake, na sikubali upandwe kwenye bustani ya namna hii. Lakini ukiwa tayari umeota kando ya njia, majani yake huoza upesi na yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, kwa hiyo kuyakata kabla hayajatoa mbegu na kuyatandaza kunaufaa udongo na kunaupunguza mmea wenyewe.

Kuhusu mboga, wengi hukosea kwa kudhani kwamba kwa kuwa zilikuwa zikijiotea shambani basi hazina masharti. Kila moja ina tabia yake. Saga, ambayo Wajaluo huiita akeyo au dek, haivumilii maji miguuni hata kidogo, kwa hiyo ilipewa matuta mawili ya juu kabisa. Mbegu zake ni ndogo mno. Huchanganywa na mchanga mkavu ili zisimwagike rundo moja, husiwa kwenye mistari kina cha sentimita moja hivi na kufunikwa, kwa sababu huota vizuri zaidi gizani na kwenye joto. Mbegu mpya zilizovunwa juzi huwa bado zimelala, na hukaa miezi kadhaa kabla ya kuamka. Ndiyo maana mtu hununua mbegu nzuri, akazisia, zisiote, akamlaumu muuzaji. Ikishafika kimo cha kiganja hukatwa kilele ili itoe matawi, na maua hutolewa mapema, la sivyo nguvu zote huenda kwenye mbegu na majani huwa machache na machungu.

Mrenda, yaani apoth, una tatizo la namna nyingine: ganda la mbegu ni gumu kiasi kwamba maji hayaingii. Mwalimu alikumbuka kwamba mama yake alikuwa akizifunga mbegu kwenye kitambaa na kuzichovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha kwenye maji baridi. Njia hiyo ni sahihi, na sikuwa na la kuongeza. Mrenda hupenda joto na unyevu, na huvumilia udongo mzito kuliko saga, kwa hiyo ulipewa tuta la chini. Mnavu, au osuga, huanzia kitaluni na kuhamishwa, hula samadi kuliko wenzake wote, na hukubali kivuli cha alasiri. Mitoo na kunde zilipandwa kwa kupokezana na mnavu, kwanza kwa kuwa ni jamii ya kunde na huongeza naitrojeni, na pili kwa sababu jamii ya mitoo inajulikana kupunguza minyoo midogo ya udongoni inayofanya mizizi ya mnavu iote vinundu.

Jambo hilo la minyoo ndilo lililofanya asao iwekwe kwenye kona ya chini, mbali kabisa na mboga. Asao ni mmea mwema, hurutubisha udongo na hukua haraka sana, lakini huwalisha minyoo hao kwenye mizizi yake, na mnavu ukifuata mahali pake hupata mateso. Nimeona miongozo inayoisifu asao bila kutaja jambo hili, nalo ni jambo la kutajwa.

Mboga hizi kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa magugu au chakula cha wasio na uwezo. Hali imebadilika kwa kiasi kikubwa kupitia kazi ya watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, si mbali na hapa, na ambaye alitunukiwa Nishani ya Edinburgh mwaka 2014. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhuisha vyakula vya asili miongoni mwa mifano mizuri ya kulinda urithi. Mwalimu alifurahi kulisikia hilo, kwa sababu katika miaka yake ya darasani aliwaona watoto wakificha akeyo waliyofungiwa kutoka nyumbani.

Miti, uzio na macho ya majirani

Sehemu ya juu ilipata siala mbili, kila moja ikiwa mita tano na zaidi kutoka ukutani na mbali na tangi la maji taka. Siala huchukia maji yaliyotuama, kwa hiyo kila mche ulipandwa juu ya kichuguu kilichoinuliwa, na si ndani ya shimo kama ilivyozoeleka. Kwenye mfinyanzi, shimo lililojazwa samadi laini hugeuka ndoo inayokusanya maji ya kiwanja kizima. Karibu yake ulipandwa orembe, ambao Waluhya huuita murembe na kuuheshimu kwa viapo. Huo hupukutisha majani na kuchanua mekundu wakati wa kiangazi, pindi ndege wa chozi wanapokuwa na uhaba wa maua mengine.

Uzio uliibua mjadala. Mzee wa jirani alipendekeza ojuok, uzio wa jadi wa maboma ya Wajaluo, ambao hushika kwa kuchomeka kijiti tu na hauliwi na mbuzi. Hoja zake zote zilikuwa za kweli. Nilikataa kwa sababu moja: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kupofusha kwa muda, na wajukuu wa Mwalimu huja kila likizo. Tulichagua ochuoga, ambayo ina miiba ya kutosha kumzuia mtu na matunda meusi yanayoliwa yakiiva. Kasoro yake ni kwamba inakua polepole, kwa hiyo waya wa zamani ulibaki mahali pake. Lantana iliyokuwa imejipenyeza kwenye waya huo, nyabend winy kwa Kijaluo, iling'olewa na mizizi yake. Imetoka Amerika ya kitropiki, na ndege huisambaza kila mahali.

Uwanja ulirudishiwa zile nyasi fupi zitambaazo ambazo hujiotea kando ya njia zote za Kisumu, zinazovumilia jua la Januari na mafuriko ya Aprili kwa pamoja. Hakuna aliyezinunua.

Upinzani mkubwa zaidi ulikuwa wa macho. Kwetu uwanja ulio safi ni uwanja uliofagiwa, na mama anayeacha majani marefu karibu na mlango husemwa kwamba amechoka au kwamba anafuga nyoka. Sidhani kwamba hisia hiyo ni ya kudharauliwa, kwa sababu ina msingi: nyoka hupenda mahali penye panya, marundo na majani yasiyopenyezwa na macho. Kwa hiyo mita mbili kuzunguka nyumba ziliachwa wazi na hufagiwa kila asubuhi, njia ya kutoka langoni ilinyooshwa na kuwekewa kingo za mawe, na mimea mirefu kama nyanyodhi ilipangwa nyuma ya ile mifupi. Bustani ya mimea ya asili mjini inahitaji mstari ulionyooka unaoonyesha kwamba kuna mtu anayeitunza. Bila mstari huo, jirani ataiona kichaka, na siku moja kijana wa kufyeka ataifyeka yote akidhani anasaidia.

Kilichotokea baadaye

Masika yaliyofuata yalijaribu kila kitu. Gata na mfereji vilifanya kazi, na mbele ya baraza hapakutuama tena. Beseni lilikauka ndani ya siku tatu isipokuwa wakati mmoja ambapo takataka ziliziba mdomo wa bomba; tangu hapo kuna kichujio cha waya kinachosafishwa baada ya kila mvua kubwa. Asao ilipita kimo cha mtu ndani ya msimu. Mrenda ulistawi hadi Mwalimu akawa anawagawia majirani, akiwamo yule mzee wa ojuok. Saga ya tuta la kwanza ilikuwa nzuri, ila ile ya tuta la pili iligeuka manjano upande ulioelekea kwa jirani aliyeinua kiwanja, ishara kwamba maji yake bado yanapenya chini ya ukuta. Vidukari weusi walishambulia kunde, wakapunguzwa kwa maji ya sabuni na majivu, ingawa hawakuisha.

Kiangazi nacho kilileta hesabu yake. Matuta manne yana mita 16 za mraba, na kwa joto la Januari huhitaji takriban lita 70 kwa siku. Tangi lililojaa hutosha siku 70 hivi iwapo matandazo hayajapungua. Maji ya tangi hilo yanatumika kwa mboga peke yake. Miti ilimwagiliwa mwaka wa kwanza tu, na siala zote mbili zilivuka bila kudondosha majani.

Mambo mawili bado hayajatatuliwa. La kwanza ni maji ya jirani, ambayo yanahitaji mtaro wa changarawe upande wa juu wa ukuta, na mtaro huo hauwezi kuchimbwa bila makubaliano ya pande zote mbili. Mwalimu amechagua kulizungumza yeye mwenyewe, kwa utaratibu wa ujirani, kabla ya mvua za vuli. La pili ni asao yenyewe, ambayo huishi miaka michache tu, kwa hiyo kitu cha kudumu lazima kiandaliwe chini ya kivuli chake kwa ajili ya kona ile. Tumekubaliana kujaribu mti wa othoo kwenye ukingo wa juu wa beseni, kwa kuwa huota kwenye udongo mweusi huo huo kote Kano, na miche yake inakuzwa sasa nyuma ya jiko kutokana na mbegu alizoziokota Mwalimu mwenyewe upande wa Ahero.